Mkungu wa Uani kwa Bi Mwanarusi

Mkungu ule haukuwa na haya. Uliota katikati ya uani kwa Bi Mwanarusi, mtaa wa Kuze, Mji wa Kale, ukapanda ghorofa mbili, ukapita paa, ukatandaza matawi juu ya majirani wa pande tatu, na kungu zake zikawa zaanguka ndani ya masufuria ya watu. Watu walinung'unika, wakatema mate, wakazoea. Kisha zikaja zile mvua za El Niño za mwisho wa mwaka wa tisini na saba. Ardhi ya uani ikalainika kama uji, mkungu ukaanza kulalia upande wa chumba cha Bi Mwanarusi, na kila asubuhi ulikuwa umelala zaidi kidogo.

Na Bi Mwanarusi hangeweza kuhama. Mumewe alifariki mwezi wa kumi, naye alikuwa ndani ya eda. Mjane wa Kuze akikaa eda hatoki nyumbani miezi minne na siku kumi, wala haonwi na mwanamume asiye maharimu wake. Mti uko uani kwake, wakataji miti ni wanaume. Haya, fanya hesabu hiyo.

Shekue, nduguye Bi Mwanarusi, hakuhitaji hesabu. Alikwenda moja kwa moja mpaka Changamwe, akamkuta Ngowa, mkata miti, ameketi juu ya gogo anakula muhogo wa kuchoma.

"Sabalkheri, Ngowa."

"Sabalkheri, Bwana Shekue. Poleni kwa msiba."

"Tumeshapoa. Dadangu ana mti wataka kumwangukia. Nimekuja nikwambie uje na mkeo, kama mlivyokuwa mkija zamani."

Muhogo ukamkwama Ngowa kooni. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Mbeyu hayuko," alisema. "Lakini nina watu. Kitsao ana mkono mzuri sana wa kamba."

"Kitsao ana ndevu," alisema Shekue. "Dadangu amesema kwa kinywa chake: bila Mbeyu haingii mtu. Afadhali mti umwangukie. Nimemwambia hayo ni maneno ya wazimu, akanifungia mlango. Basi Jumatano. Mkija, nitajua mna utu."

Hapo lazima nieleze, kwa sababu asiyeishi Mji wa Kale hawezi kuelewa kwa nini mtu akatae kukatiwa mti. Huko bara, Changamwe na kwingineko, mti unapigwa shoka shinani, watu wanakimbia, unaanguka, kwisha. Kuze uuangushe wapi? Kichochoro chenyewe watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu. Mti wa Kuze huliwa kutoka juu kuja chini, kipande baada ya kipande, na kila kipande huteremshwa kwa kamba. Sasa mtu aliyepanda juu ya mti wa Kuze huona nyua zote za jirani. Huona wake za watu wakisuka nywele, wakiogesha watoto, wakiwa na kanga moja kifuani. Wanaume wengi walifukuzwa kwa mawe kabla ya kukata hata kijiti.

Ngowa na Mbeyu hawakuwahi kufukuzwa. Mbeyu alikuwa akitangulia, anabisha nyumba hadi nyumba, anaamkia, anauliza wagonjwa, anasema mume wangu yuapanda, tafadhalini. Kisha anarudi shinani, anaita kwa sauti yake ile nyembamba, "Hodi juu! Hodi juu! Hodi juu!" Madirisha yanafungwa, paa, paa, paa. Hapo ndipo Ngowa hupanda. Na Mbeyu hubaki chini ameshika kamba, maana yeye ndiye aliyekuwa mshika kamba wake. Kwa miaka kumi na minne, toka Kuze mpaka Kibokoni, hakuna mti uliotoka uani kwa watu ila wao ndio walioutoa.

Watu wa bara walikuwa wakicheka, ati mwanamke mwembamba vile atashikaje tawi zito kuliko ng'ombe. Kucheka ni kutojua kazi. Kamba hutoka kwenye tawi, hupanda mpaka kwenye kapi, kile kigurudumu cha kupitishia kamba, lililofungwa kwenye panda iliyo juu zaidi, hushuka mpaka shinani, na pale shinani huzungushwa gogo mara tatu. Ile mizunguko ndiyo inayobeba. Mshika kamba anatoa kidogo kidogo. Akiachia, tawi linashuka na nyumba ya mtu. Akikaza ghafla, tawi linashtuka, linabembea, linavunja ukuta. Kazi yote iko katika kujua ni lini kamba itembee na ni lini ilale, na Mbeyu alijua hivyo viganjani, hata hakuwa akiangalia juu.

Mwanamume mwenye mshika kamba wa namna hiyo angemweka machoni. Ngowa naye alifanyaje? Pumbavu yule!

Miaka miwili nyuma walikata mwarobaini Tononoka, kwa mzee mmoja aliyestaafu reli, Mzee Nicanor. Ilikuwa saa tisa, jua kali, Ngowa amechoka. Panda nzuri ya kufungia kapi ilikuwa juu, na panda ya karibu ilikuwa hapo hapo usoni kwake. Akafunga hapo karibu. Ndani ilikuwa imeoza. Alipokata tawi, panda ikapasuka, tawi likaenda na ukuta wa Mzee Nicanor na banda la kuku. Mzee akatoka na bakora anapiga kelele, majirani wakajaa, na Ngowa akiwa bado juu ya mti akasikia mdomo wake ukisema, "Ni huyu mwanamke, ameachia kamba!"

Mbeyu hakuwa ameachia. Alikuwa bado ameishika, na ngozi ya viganja vyake imebaki kwenye kamba. Alimtazama mumewe, akasubiri. Ngowa akashuka, akaanza kuokota matofali. Mbeyu alisubiri mpaka ukuta ukapangwa, akasubiri njiani, akasubiri mpaka wakafika nyumbani. Asubuhi alikunja nguo zake akaenda kwa dadake Majengo.

Na Ngowa hakumfuata. Mwezi wa kwanza alisema atarudi mwenyewe. Wa pili akasema nitakwenda Jumapili. Jumapili zilipita nyingi. Alikula hotelini, akarudi nyumbani usiku, akawa anajibu maswali ambayo hakuna aliyemuuliza. Juu ya miti ya Changamwe alikuwa akinyoosha kamba chini na kungoja ule mvuto mdogo aliouzoea, wa mtu kuchukua ulegevu kabla hujamwambia, na haukuja. Kitsao alikuwa na nguvu, kwa kweli, lakini nguvu si mkono. Ngowa alimtamani mkewe mpaka mwili ukamuuma, na bado miguu haikumpeleka Majengo.

Siku ile Shekue alipoondoka, miguu ilimpeleka. Alimkuta Mbeyu ndiyo kwanza anarudi kutoka gudauni la Shimanzi, alikokuwa akichambua kahawa. Alikuwa amekonda kidogo, na nywele za mbele zimeanza kuwa nyeupe. Ngowa alitaka kusema mengi. Akasema, "Bi Mwanarusi ana mti."

"Nimesikia habari za msiba wake," alisema Mbeyu. "Mti gani?"

"Mkungu. Umelalia chumba chake. Anasema bila wewe haingii mtu."

Mbeyu alipangusa vumbi la kahawa mikononi. "Alinitunza nilipojifungua Nyevu," alisema. "Nitakuja kwa ajili yake. Umenielewa, Ngowa? Kwa ajili yake."

Zamani hakuwa akimwita Ngowa. Alimwita Baba Nyevu, kwa jina la binti yao ambaye sasa yuko kwa mumewe. Ngowa alirudi nyumbani usiku ule akasugua kapi kwa mafuta, akakagua kamba shubiri kwa shubiri, akaosha hata shuka za kitanda. Mwanamume mzima, anaosha shuka kwa sababu ya mkungu!

Jumatano Mbeyu alitangulia kama kawaida. Bi Mwanarusi alihamia ukumbini, nyuma ya mlango uliofungwa, akawa anasikia tu. "Mbeyu, mwanangu, umekuja?" "Nimekuja, bibi, pole." Wakalia kidogo pande mbili za mlango. Ngowa alisimama kichochoroni akitazama miguu yake. Kisha ile sauti nyembamba ikapanda, "Hodi juu!" mara tatu, madirisha yakafungwa, na Ngowa akaingia uani na kamba begani.

Kwanza aliufunga mti kwa kamba nene upande wa pili, kwenye nguzo ya mawe, usije ukaamua kulala wakati yeye yuko juu. Kisha akaanza matawi madogo. Alifunga, akakata chini kwanza ili gome lisichanike, akakata juu, na tawi likaondoka kwake. Kamba ikatembea. Ikalala. Ikatembea tena. Tawi likagusa sakafu ya uani bila hata kishindo. Mbeyu akalifungua, akatikisa kamba, ikapanda.

La pili hivyo hivyo. La tano, la kumi. Kila Ngowa alipofikiria kuomba kamba, ilikuwa imeshalegea. Kila alipotaka ikazwe, ilikuwa imeshakaza. Mikono ilikuwa ni ile ile. Yule mwanamke hakusahau kitu hata kimoja, na Ngowa alishika shina la mkungu kwa mikono miwili akalia, maana huku juu hakuna aliyemwona.

Saa sita likabaki tawi moja, kubwa kuliko yote, lililokuwa juu ya chumba cha Bi Mwanarusi. Aliliacha la mwisho ili uani upate nafasi ya kulipokea. Palikuwa na panda mbili za kufungia kapi, moja ya karibu, moja ya juu. Ngowa alipanda mpaka ile ya juu, akaigonga kwa mgongo wa shoka, akasikiliza. Ilikuwa nzima. Akafunga. Kamba ikakazwa chini. Akaweka msumeno juu ya gome, na mkono ukakataa.

"Mbeyu," aliita.

"Kuna nini? Kapi limekwama?"

"Lile tawi la Tononoka niliangusha mimi."

Na madirisha yaliyofungwa Kuze, unajua yana masikio mangapi.

"Nilifunga kwenye panda mbovu," alisema Ngowa, kwa sauti kubwa sasa, hajali. "Nilikuwa mvivu kupanda. Wewe hukuachia kamba. Hukuachia hata chembe, mikono yako ilikuwa inatoka damu nikaiona, na nikakusingizia mbele ya watu kwa sababu niliona haya. Nimekaa na uongo huo miaka miwili. Nyumba haina mtu, Mbeyu. Nisamehe."

Nyuma ya mlango wa ukumbini, sauti ya Bi Mwanarusi ikasema polepole, "Mbeyu, umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

"Umebahatika. Mimi wangu hatanambia neno tena."

Mbeyu alizungusha kamba mzunguko mmoja zaidi shinani, akapanga miguu. "Kata," alimwambia Ngowa. "Tawi lina uzito, usinichoshe."

Akakata. Lile tawi lilipita shubiri moja tu kutoka paa la chumba, likageuka taratibu, likashuka, kamba ikitembea na kulala, ikitembea na kulala, mpaka likajilaza uani lote. Katika nyumba moja ya jirani, mwanamke akapiga kigelegele ndani ya dirisha lililofungwa, na mwenzake akamkemea, kuna msiba, wewe! Ngowa alicheka juu ya mti. Tangu Tononoka hakuwa amecheka hivyo. Alikata gogo vipande vipande akishuka, na kila kipande alikuwa akipanga: watapita sokoni, watanunua kitoweo, atambebea mzigo wake kutoka Majengo leo leo.

Alipogusa ardhi, Mbeyu alikuwa ameshanawa, anafunga leso yake.

"Nashukuru umesema," alisema. "Na umesema watu wakisikia, kama ulivyonisema watu wakisikia. Neno hilo nimelingoja sana. Kila siku pale gudauni nikichambua kahawa nasema, leo atakuja. Sasa limekuja, na kifua changu ni chepesi."

"Basi twende nyumbani, Mama Nyevu."

Mbeyu alimtazama. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomtia Ngowa baridi.

"Nilidhani nakungoja wewe," alisema. "Wallahi, hata asubuhi nikija hapa nilidhani hivyo. Nilikuwa nikishika kamba na moyo unaenda mbio. Kisha ukasema, nikalipata neno langu, nikatafuta ule moyo nisiuone. Kumbe nililokuwa nikingoja ni neno tu, Ngowa."

Ngowa akakaa juu ya kipande cha gogo.

"Na kama ningesema siku ile ile?" aliuliza. "Pale Tononoka?"

"Siku ile?" Mbeyu alitabasamu, tabasamu lake la zamani, lile lile. "Siku ile ningekutukana njia nzima mpaka nyumbani. Kisha ningecheka, tungepika, tukalala."

"Tungepika nini?"

Mbeyu alifikiri kweli kweli, kama mtu anayetafuta kitu kabatini.

"Kulikuwa na mchicha," alisema. "Na samaki wa jana."