Mvua Sifuri

Mimi nilikuwa nafunga mvua. Harusi, hitima, kutoa mwali. Huku kwetu Kinole hakuna aliyetandika jamvi uani bila kupita kwangu kwanza. Kazi yenyewe si ngumu. Unaitazama milima alfajiri. Ikiwa na uso mzuri, unachoma ubani na kukunja sura. Ikinuna, unasema kiuno kinauma, leo huwezi.

Likaja soko huria. Mitumba, sabuni za kila rangi, simu, yote sawa. Sikujua kwamba mawingu nayo yataingia sokoni, tena mshindani wangu atakuwa mjukuu wangu mwenyewe, Halidi, aliyemaliza chuo Mzumbe. Aliandika programu ya kompyuta inayoomba habari za hewa kutoka mtambo wa Ulaya, kwa intaneti. Inapokea rundo la tarakimu, inalichambua, inalipanga kwa Kiswahili, kisha inatuma kwenye simu za wakulima.

"Shikamoo bibi. Huu ndio ushindani," akaniambia huku anacheka.

"Marahaba. Na wali utakula kwa mshindani gani?"

Wateja wakanihama. Ila nikaona jambo. Kila simu zilipoandika "Ndugu mkulima, leo mvua sifuri," tulilowa mpaka mifupa. Nikampikia Halidi magimbi ya nazi, na mdomo ulipojaa akasema kweli.

"Bibi, kule kileleni kuna kipimo cha mvua kinachopeleka habari Ulaya, kinatumia umeme wa jua. Mawingu yakifunga, kinazimika. Basi Ulaya wananiletea nafasi tupu, na programu yangu ikikuta tupu inaandika sifuri."

"Kipimo cha mvua kinachotaka jua! Na wewe ukinyimwa jibu, unajijibu?"

"Wafadhili wanahesabu ujumbe uliotumwa, bibi. Hawahesabu waliolowa."

Nikamwongezea magimbi. Kesho yake nikanunua simu. Ikisema sifuri, kiuno kinauma. Ikisema manyunyu, ambayo kileleni hayakosi hata siku ya jua, basi kipimo kina jua: nafunga mvua. Jina langu likarudi, tena na mabawa. Milima sikuitazama tena; ya nini, na simu ninayo?

Ndipo Maimuna, mtoto wa marehemu mdogo wangu, akataka kumtoa mwali wake. Msichana alikuwa amekaa ndani muda mrefu. Sasa angebebwa mabegani mbele ya watu, na wageni wanakuja hata kutoka Kihonda, mjini. Mwali akilowa siku hiyo, mama yake atachekwa mpaka kaburini.

Asubuhi ya shughuli simu ikalia: mvua sifuri.

"Ahirisha, mwanangu," nikamwambia Maimuna. "Kiuno."

"Niahirishe? Mama mkubwa, ng'ombe yuko sufuriani!"

"Basi mtakula mchuzi mwingi kuliko mlioupika."

Akaenda zake analia. Mimi nikapita nyumba kwa nyumba nikitangaza mafuriko, kisha nikaja ngomani na mwavuli na mabuti ya mvua.

Jua likawaka. Likawaka mpaka mafuta aliyopakwa mwali yakamtiririka, na waliombeba wakaomba maji. Watu wakaanza kuyatazama mabuti yangu.

Halidi akaninong'oneza, "Bibi, yale maneno yako ya kujijibu yalinichoma. Juzi nimeirekebisha programu. Sasa ikikuta tupu inanyamaza. Sifuri ya leo ni sifuri kweli."

"Na hukuniambia?"

"Ushindani, bibi."

Maimuna huyo, mikono kiunoni. "Mama mkubwa, umeniliza mbele ya wakwe. Mvua yenyewe iko wapi?"

Ngoma zikanyamaza. Nikafunga mwavuli taratibu.

"Mwanangu, nimepigana nayo tangu alfajiri. Kiuno hiki ndicho kilichoizuia. Muulize Halidi, aliiona kwenye kompyuta ilivyokuwa kubwa."

Wote wakamgeukia. Pembeni yake alisimama mgeni wa wafadhili, kamera shingoni. Ili anikane, ingembidi Halidi aeleze kwa nini sifuri yake mimi niliisoma mvua, na zile sifuri za zamani zilitoka wapi. Akamtazama mgeni.

"Ilikuwa kubwa sana," akasema.

Maimuna akaniletea kidari cha kuku kwa mikono miwili. Kiuno kikapona palepale, nikacheza mpaka jioni, na mabuti yangu miguuni.