Grafu ya Birika

Kwa wiki mbili nzima darasa la saba lilikuwa likirudia somo ambalo, mbele ya mkaguzi, lingejifanya halijawahi kuliona. Ubaoni grafu nne, kwenye kadi hali nne: birika jikoni, bembea uwanjani, mtoto anayekwenda dukani na kurudi, tangi linalojazwa maji. Karibu kila mtoto alishakariri kadi ipi inakwenda na grafu ipi. Anayejua anyooshe mkono wa kulia, asiyejua anyooshe wa kushoto, ili mkaguzi aone mikono tele na mwalimu achague ya kulia tu. Bonde zima la Fergana linajua ujanja huo, wakaguzi wakiwemo, maana nao walisoma huko huko.

Mwalimu Mavjuda hakuwa na namna. Alishashindwa mara moja somo la wazi, lile la kupimwa na mkaguzi. Akishindwa tena, angehamishiwa shule ya milimani, na mama yake alikuwa kitandani tangu vuli, hana mwingine wa kumgeuza ubavu. Basi akajikaza kisabuni, akavaa koti lake zuri juu ya sweta mbili, akaingia darasani.

Mambo yalikwenda vizuri. Bembea ikapata grafu yake, tangi likapata yake. Ilipofika zamu ya birika mikono ikajaa hewani. Kabla Mavjuda hajamwita Otabek, mkaguzi akamtangulia.

"Yule binti mwenye kofia nyekundu. Inuka, mwanangu."

Alikuwa Hulkar, na mkono alioinua ni wa kushoto.

"Birika ni grafu ipi?"

"Hakuna hata moja."

"Hakuna vipi? Si ile ya pili? Joto linapanda, likifika mia linatulia."

"Hiyo ni ya kitabuni. Kwetu linapanda kidogo, gesi inakatika, linashuka. Mama anakimbilia kuni uani, linapanda tena." Akaichora hewani kwa kidole, juu, chini, juu. "Babu anasema chai siku hizi inachemka kwa awamu, kama mikutano."

Watoto wakaangua kicheko. Mavjuda alitaka kumkimbilia ambusu kwenye paji la uso. Miaka kumi na moja anafundisha, na huyu ndiye wa kwanza kuelewa grafu ni kitu gani. Lakini mlangoni mwalimu mkuu, Bwana Ergashev, alikuwa amesawijika. Juzi tu wakubwa wa wilaya walikuwa wametangaza kwamba gesi ipo ya kutosha.

"Mwalimu," mkaguzi akauliza kwa upole, "jibu hilo ni sahihi?"

Akilini Mavjuda akamwona mama yake, akaiona na ile barabara ya milimani.

"Si sahihi," akasema. "Kaa chini, Hulkar. Mbili."

"Lakini mwalimu, si ulituambia tuangalie kitu kinavyokwenda kweli?"

"Nimesema kaa!"

Daftari la alama likaletwa. Akaandika mbili, alama ya aliyefeli, na mkaguzi akatia sahihi pembeni.

Baadaye wote watatu, mkaguzi, mkuu na Mavjuda, walikaa ofisini kwa mkuu, makoti mwilini, mezani mkate wa moto wa tanuri na zabibu kavu. Mkaguzi akaonja chai, akakunja uso.

"Chai yenu imepoa, kaka."

"Gesi," mkuu akajibu. "Imekatika tangu asubuhi."

"Heri nyinyi. Kwangu tangu Jumatatu. Cheo chote hiki, nimekuwa mpasua kuni wa mke wangu!"

Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Mavjuda ndiye hakucheka.

"Basi yule mtoto alisema kweli," akasema. "Naomba daftari nimfutie ile mbili."

Kicheko kikakatika. Mkaguzi akaweka bakuli lake la chai mezani taratibu.

"Ukiifuta, dada yangu, itabidi niandike kwa nini umeifuta. Nikiandika, tutaulizwa sote watatu. Na wewe umeshafaulu." Akamsogezea karatasi. "Tia sahihi hapa, vidole vyangu vinaganda."

Mavjuda aliisoma ile karatasi mara mbili. Somo bora, iliandikwa, linalohusisha hesabu na maisha. Alijichukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote. Akatia sahihi.

"Hongera!" mkuu akasema, akimmiminia chai. "Na kesho mwambie yule binti aje na mama yake. Nataka kujua nyumbani kwao wanazungumza nini."

"Sawa, kaka," akasema Mavjuda.