Namba ya Majaribio

Kinachonichosha katika kazi ya kutengeneza tovuti si kompyuta, ni watu. Hasa wale wanaokumbuka jambo kubwa siku moja kabla ya kufungua.

Tovuti yenyewe ilikuwa ya shirika linalosaidia wanawake waliotoka kujifungua na kulemewa na huzuni. Kila ukurasa ulikuwa na kitufe kikubwa cha kijani: Piga Simu Sasa. Ukikibonyeza, simu inakwenda moja kwa moja kwa Sista, muuguzi wa shirika. Lakini wakati najenga, laini ya Sista ilikuwa haijapatikana, nami nilihitaji namba ya kujaribia. Ya bosi wangu haipokelewi. Yangu mwenyewe huwa haina chaji. Nikaweka ya mama.

Mama ni fundi cherehani. Anashonea sebuleni, na simu iko kando ya mkasi kutwa nzima. Nilimwambia, "Mama, zikiingia simu ngeni, wewe pokea tu." Kila nilipojaribu kitufe alipokea kabla ya mlio wa pili, akaniuliza kama nimekula, nami nikakata.

Laini ya Sista ilipokuja nikabadilisha kurasa zote kumi na moja. Kisha, siku moja kabla ya kufungua, Sista akataka ukurasa wa kumi na mbili. Kichwa chake: Simpendi Mtoto Wangu. Nikamwambia maneno hayo yatatisha watu.

"Wanaoyawaza hayatawatisha," alisema. "Na hao ndio ninaowatafuta, kaka."

Nikanuna. Nikanakili ukurasa wa zamani, nikamwaga maneno yake humo, nikafunga kompyuta.

Wiki tatu baadaye, asubuhi, Sista akanipigia ofisini. "Kila anayenipigia namuuliza kasoma wapi. Ule ukurasa wa mwisho unasomwa kuliko yote, lakini sijapata hata mtu mmoja kutoka huko. Hebu angalia."

Nikaangalia. Namba ya mama ilikuwa imekaa pale, imetulia kabisa: nilikuwa nimenakili toleo la kabla ya laini ya Sista kuja. Shati likanilowa jasho hapohapo kitini. Wiki tatu! Watu walio katika hali ile, nimewapeleka kwa fundi cherehani. Nikabadilisha namba saa tatu na dakika arobaini, nikampigia mama kumwomba radhi.

"Mama, kuna watu wamekuwa wakikusumbua?"

"Hakuna anayenisumbua. Wanapiga, tunaongea. Si ulisema nipokee?"

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini, nawe ndiye uliyenipa kazi? Nilidhani unajua."

Nikamweleza kwamba ni kosa langu, na kwamba simu hizo hazitaingia tena, nimesharekebisha. Nikasikia cherehani ikisimama.

"Rudisha," akasema.

"Mama..."

"Nimesema rudisha. Saa nne kuna mtu wangu. Huyo hana simu, anaazima ya huyu na yule, anafungua huo ukurasa wenu na kubonyeza. Jana kaniambia leo atamwacha mtoto kitandani aondoke, ila kaniahidi kwanza atanipigia. Akipokelewa na mgeni atakata. We mtoto, unanisikia?"

Nilikuwa nasikia. Miaka yote ya kazi hii sijawahi kuogopa kitufe kama nilivyoogopa kile.

Nikampigia Sista, nikakiri kosa lote bila kujitetea. Nilitegemea kufokewa. Yeye akauliza mambo mawili tu: mama anawaambia nini hao watu, na anakaa wapi. La kwanza sikulijua. La pili nikamwelekeza.

"Rudisha namba yake, ukurasa huo tu," akasema. "Nakuja huko. Asimwache akate mpaka nifike."

Saa nne kasoro dakika sita nikarudisha. Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu akihutubia kuhusu wateja na heshima ya ofisi. Nikamwachia kiti changu akihutubie.

Kutoka ofisini hadi nyumbani ni mwendo wa dakika kumi. Siku hiyo nilitumia sita. Nilimkuta mama kwenye cherehani, simu sikioni, kitambaa kimekwama chini ya sindano. Daftari lake la vipimo lilikuwa wazi mbele yake. Nyuma ya kurasa za vipimo vya mabega na viuno vya wateja alikuwa ameandika watu wanaompigia: Mwenye mapacha. Anayelia kwanza. Mke wa mwalimu. Wa saa nne. Akaniashiria nikae, nikakaa.

"Si wewe peke yako," alikuwa akisema. "Wangu alikuwa na wiki tano. Nilimlaza kwenye kapu la vitambaa, nikavaa viatu, nikafunga mlango. Sikuwa nakwenda popote, nilikuwa naondoka tu. Nikafika mpaka pale kona, penye duka la misumari."

Mimi ni mtoto wake wa pekee. Duka la misumari nilikuwa nimelipita muda huohuo, mbio.

"Kilichonirudisha? Si mapenzi, mwanangu, nisikudanganye. Maziwa yalitoka, gauni likalowa mbele, nikaona haya kupita katikati ya watu. Nikarudi kubadilisha nguo. Nikamkuta analia, nikamnyonyesha. Mapenzi yalikuja baadaye, hata mwezi siukumbuki." Akasikiliza. "Mtoto huyo? Yupo. Kaingia sasa hivi, hajavua hata viatu."

Akasikiliza tena, kisha akaninyooshea simu. "Anataka kusikia sauti yako."

Nikaipokea. Upande wa pili, karibu kabisa na simu, nilisikia kichanga akihema kwa pua yenye mafua. Mpigaji alikuwa bado amempakata.

"Ndiye wewe?" akauliza. Sauti ilikuwa ya msichana tu.

"Ndiye mimi."

"Ulikuwa unajua?"

"Hapana. Nimejua leo, nikiwa nimekaa hapa."

"Umemchukia?"

Mama alikuwa ameinama chini ya mashine, anatafuta pini ambayo hakuna aliyeiangusha. Shingo yake ilikuwa imenielekea, na uzi mweupe umeng'ang'ania kwenye kola. Nilimpenda mpaka nikakosa pa kuweka mkono.

"Dada," nikasema, "nilipotafuta namba ya mtu ambaye hakosi kupokea, niliweka yake."

Hakukata simu. Sista alipobisha hodi, kichanga alikuwa bado anahema sikioni mwangu.