Seli Mama

Jina hilo alilibuni Profesa mwenyewe, na alilipenda kupita kiasi. Vitabu vilisema seli shina, yeye akauliza, nani ataelewa shina? Zinakaa ndani ya uboho wa mifupa, zinazaa damu yote ya mwili, basi ni mama. Akaziita seli mama, jina likashika. Wanafunzi nao wakampachika yeye la Mama Damu, wakidhani hajui.

Asubuhi hii jina lilimtokea puani.

Ndani ya chumba cha vioo alilala binti mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, aliyeteswa na maumivu ya mifupa tangu utotoni. Walikuwa wamekwisha kumtilia dawa kali za kufuta uboho wake mbovu, ili apandikizwe seli za kaka yake, ambaye vipimo vilionyesha wanalingana. Hapo hakuna kurudi nyuma. Bila seli hizo mwili wake usingetengeneza damu tena, na angekufa. Na kaka mtu haonekani.

Profesa alianzia maabara akiwa msichana, kutwa jicho kwenye darubini akitazama damu za watoto, kisha anasikia fulani hatunaye. Akaenda kusoma, akarudi, akawasumbua wakubwa mpaka wakampa chumba hiki kwa kuchoka naye tu. Huyu alikuwa mgonjwa wake wa kwanza wa kupandikizwa. Aliogopa mno, na aliona haya kwamba kipande cha woga huo kilikuwa cha kuhofia sifa yake mwenyewe.

Nesi mkuu akaingia anahema. "Nimempata mama yao kwa simu. Kijana amegoma."

"Agome nini? Jana si amechomwa sindano ya mwisho ya kuzitoa seli kwenye uboho ziingie kwenye damu, huku anatania?"

"Wenzake wa gereji wamemjaza maneno. Si anaoa karibuni? Wamemwambia hizo seli mama ndizo zinazozaa. Zikitolewa, mwanamume kwisha habari yake."

Profesa akakaa kitini. Ndizo zinazozaa: maneno yake yaleyale, aliyomwambia kijana kwa madaha yote. Siku nyingine angecheka mpaka mbavu zimuume. Akachukua simu, akapiga, ikakatwa, akapiga tena, na safari hii ikapokewa.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, baba. Uko wapi?"

"Nipo tu."

"Mwanangu, nisikilize. Hizo zinazaa damu, basi. Mambo yako ya uzazi hatuyagusi hata kidogo. Utakaa kwenye kiti, damu itapita kwenye mashine, tutachuja seli, damu yako inakurudia. Na hizo seli mwili utazijaza tena."

"Ndivyo mnavyosema watu wa hospitali. Kwetu mwanamume ni mimi peke yangu. Nikikosa mtoto je?"

Jibu lilimjia Profesa mpaka kwenye ncha ya ulimi. Dawa alizopewa binti zingeweza kumfungia uzazi moja kwa moja. Aliambiwa mapema, akalia, akakubali, akaomba nyumbani wasijue. Neno moja tu, na kaka angekuja mbio. Lakini siri ilikuwa ya mgonjwa, na Profesa akalimeza jibu lake.

Binti alikuwa akiwatazama kupitia kioo. Sauti yake ikatoka kwenye kipaza sauti cha ukutani, nyembamba, ya mtu mwenye vidonda mdomoni.

"Ni kaka, eeh? Isogezeni simu hapa."

Profesa akafungua spika ya simu, akaisogeza kwenye kipaza sauti.

"Kaka, wewe utazaa. Mimi ndiye huenda nisizae kabisa, kwa hizi dawa. Waliniambia kabla."

"Na wewe ukakubali?"

"Nilijua unakuja."

Kijana akapenga kamasi. "Nipo getini," akasema. "Niko hapa tangu alfajiri. Miguu ndiyo imekataa."

Profesa hakungoja lifti. Alishuka ngazi akiruka mbilimbili, koti linapepea, heshima ya uprofesa ameiacha hukohuko juu. Alimkuta kijana mbele ya walinzi, analia waziwazi, mikono yote miwili ya shati ameshaikunja.

Akaanza kumweleza upya, taratibu, habari za damu na uzazi. Kijana akamkatiza.

"Hata kama ndizo zinazozaa, Profesa. Wewe toa tu."