Kitambaa cha Kitindamimba

Watoto wetu walitulipia safari ya nchi za mbali kwa sababu walichoka kutuona tumeinamia meza ya kushonea mwaka nenda, mwaka rudi. Walitaka tukaone miji, bahari na maziwa, tupige picha, turudi tumenenepa. Mume wangu alikubali mara moja, nami nikashangaa, maana huyu hata kwenda msibani lazima umvute shati ndipo atoke dukani. Kumbe alikuwa na lake. Alitaka kutafuta kitambaa cha gauni la harusi la kitindamimba wetu, na alikwisha kumwahidi binti kwamba atalikata kwa mkono wake, kama alivyowakatia dada zake. Kuanzia hapo safari ikanikaa kooni.

Niseme kwanza tunavyofanya kazi. Yeye hupima na kukata, mimi hushona. Wateja wanamwita Mkasi, na jina hilo analipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Lakini tangu mwaka jana mkono wake wa kulia umekuwa ukitetemeka kila anaposhika kazi. Ukitulia hauna neno. Mpe mkasi uone. Vipande vikaanza kunifikia vimekwenda upogo, bega moja juu, jingine chini. Nilikuwa nairudisha mistari mwenyewe kwenye cherehani, mteja anakuja, anamsifu Mkasi, naye anaitikia. Bahati ni kwamba siku hizo alikuwa akiacha akiba kubwa mno, yaani ule ukingo unaobaki nje ya mshono, kwa hiyo pa kurekebishia palikuwapo. Hata hivyo nilimgombeza. Unatupotezea kitambaa, mzee, nilimwambia, au umesahau upana wa kidole? Alicheka tu.

Nguo za wateja nilizimudu. Gauni la harusi ni jambo lingine. Nilijua akilikata ataliharibu, na ataliharibu mbele ya binti yake anayesubiri kulivaa. Kumwambia hivyo mtu niliyemsikia akiitwa Mkasi ujana wangu wote nilishindwa. Basi nikaona dawa ni moja tu, kitambaa kisipatikane.

Katika mji wa kwanza wageni wenzetu walitazama juu, kwenye minara. Wangu alitazama mikono ya mashati ya wapita njia, ananinong'oneza nani ameshonewa na nani amenunua dukani. Alikuta hariri katika duka moja lenye ngazi zinazotembea zenyewe. Nikasema inang'aa kama kikaango. Katika mji wa pili akapata nyingine, nikasema nzito, mtoto atatoka jasho hata kabla ya kusema ndiyo. Asubuhi hotelini alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili, nami nikageukia dirishani kana kwamba kuna kitu cha maana pale nje. Palikuwa na ukuta.

Pwani mambo yalikuwa magumu zaidi. Nyuma ya gati kulikuwa na kiduka chembamba, na ndani yake kitambaa cheupe kilichokaribia rangi ya maziwa, ukikiinua kinaanguka chenyewe vizuri. Nikasema hewa ya chumvi imekwisha kukila, kitageuka njano kabla ya harusi. Muuzaji hakuelewa lugha yetu, lakini uso wangu aliuelewa, akakikunja na kukirudisha rafuni. Mume wangu akasema twende basi tukaione hiyo bahari, si ndiyo tuliyoletewa.

Tulikaa kwenye ukuta wa ufukweni. Nilipiga moyo konde nimwambie, nikafungua mdomo, nikajikuta nazungumzia upepo. Alinikubalia kwamba ni mkali. Alijaribu kufunga vifungo vya koti lake, vikamponyoka, nikamfungia mimi huku nikimlaumu aliyeshona vitundu vidogo vile. Vitundu nilishona mimi.

Tukapanda treni kwenda nchi ya maziwa. Ilikuwa kituo chetu cha mwisho, nami nilianza kupumua, nikijua vijiji vile ni vya milima na mashua na wazee wanaotembeza mbwa. Tulishuka tukiwa na mabegi yetu, na hatujafika hotelini alisimama mbele ya nyumba yenye madirisha makubwa yanayotazama maji. Ndani alikuwapo mama mmoja mfumaji, ameketi kwenye kitanda cha kufumia. Juu ya meza ndefu alikuwa ametandaza kazi aliyoimaliza.

Nilikishika kitambaa. Nikakigeuza upande wa pili, nikatafuta fundo, nikavuta uzi, nikakiinua dirishani kuona kama kuna mahali alipoteleza. Hapakuwa na kitu. Yule mama alituonyesha kwa vidole kwamba kipo kimoja tu, hana kingine, na hatafuma kingine. Kilitosha gauni na masalio kidogo.

"Huna sababu leo?" mume wangu aliniuliza.

"Sina."

"Basi sema lile jingine."

"Mzee, mkono wako hauwezi tena kukata. Hiki ukikigusa utakiharibu."

Lilitoka hivyohivyo, halina hata pindo. Nikaogopa. Nilidhani atatoka nje, au ataninunia mpaka nyumbani. Badala yake aliketi kwenye begi lake, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

"Najua," alisema. "Unafikiri ile akiba ilikuwa ya nini? Niliona mstari unanikimbia, nikawa nakuachia pa kuurudishia."

Mwaka mzima nimemgombeza kwa kitu hicho. Nilimuuliza mbona hakusema.

"Ningesema mimi ungenibembeleza. Ungesema mkono uko sawa, ungenivika kilemba cha ukoka, tungeendelea. Nilitaka fundi mwenzangu aniambie kazi imeharibika."

Nililia, na hasira nilikuwa nayo pia, sitaificha. Nilimwambia amenizungusha miji na bahari nikidanganya wauza vitambaa wasio na hatia. Akasema alikuwa akihesabu uongo wangu na ule wa chumvi ulikuwa bora kuliko yote. Mfumaji alitutazama, akaamua tunagombea bei, akatuletea maji ya kunywa.

Mume wangu alifungua begi. Chini ya nguo, umefungwa ndani ya fulana, alitoa ule mkasi wake mkubwa, akauweka mbele yangu.

"Kata wewe," alisema. "Hapahapa. Nyumbani nitaona haya mbele ya wateja. Huku hakuna anayejua Mkasi ni nani."

Tulimlipa mfumaji, tukamwonyesha kwa ishara tunachotaka, naye akatuachia meza. Vipimo vya binti mume wangu anavyo kichwani. Amempima tangu alipokuwa anaweza kulala ndani ya mtandio. Alinitajia, nikachora kwa chaki aliyoifunga pamoja na mkasi. Mkasi ulikuwa mpana kwa vidole vyangu, na mahali pa gumba palikuwa pamelika kwa umbo la gumba lake. Nilipoufungua, mkono uliotetemeka ulikuwa wangu.

Aliinama, akaweka kiganja chake juu ya kitambaa, mbele kidogo ya ncha ya mkasi, kukizuia kisitembee. Kiganja kilitulia pale bila kutikisika. Nikaanza kukata. Kila nilipoendelea naye alisogeza kiganja, ananiambia taratibu, zungusha hapo kwapani, usinyanyue. Nilikuwa nimemaliza upande wa mbele aliposogea kuutazama mstari wangu.

"Mama, akiba yote hii ya nini?" alisema. "Unatupotezea kitambaa."

Nilimwambia ashike vizuri, bado kuna mgongo na mikono.