Shingo Upande

Mwalimu wa hesabu aliinama stoo kuokota boksi la chaki, akainuka kwa pupa, paji la uso likagonga ukingo wa rafu. Hakuzimia wala hakutoka damu. Zahanati wakampa dawa ya maumivu: kichwa kizima, aende zake.

Kesho yake ngazi za shule zikawa mbili mbili, moja juu ya nyingine, hajui akanyage ipi. Akimimina chai, inaishia mezani. Akagundua kwamba akilaza kichwa upande wa bega la kushoto, viwili vinarudi kuwa kimoja. Basi akawa anatembea hivyo, na wanafunzi, ambao hawana dogo, wakambandika jina: Shingo Upande.

Hilo alilicheka. La mkuu wa shule halikuchekeka. Kikaoni, mbele ya walimu wote, bwana yule alisema, "Mwalimu, nikizungumza unanisikiliza shingo upande. Ngazi unazipapasa. Kama umeanza kunywa, sema tukusaidie."

Mwalimu alifungua mdomo kujitetea, mkuu akahamia ajenda nyingine. Hakuna mwenzake aliyefungua wa kwake.

Nyumbani, dada yake mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho. "Uchungu huo usiulalie, mdogo wangu. Twende kwa daktari wa macho."

Daktari alimwambia afuate kidole kwa macho. Jicho la kulia, likitakiwa kutazama chini upande wa pua, liligoma.

"Neva ya msuli unaoshusha jicho hili ni nyembamba kama uzi," daktari alisema. "Pigo dogo tu huijeruhi. Mara nyingi hupona yenyewe, ila kwa miezi. Kwa sasa ziba jicho moja."

"Kwa hiyo sizui?"

"Nani kasema unazua?"

Kikao kilichofuata aliingia na jicho limezibwa, akaeleza ugonjwa wake, kisha akamgeukia mkuu. "Ulinivua nguo mbele za watu. Mbele za watu utanivisha."

"Yaishe, mama. Mimi nilikuwa nakujali tu."

"Ungenijali ungeniuliza naumwa wapi!"

Mkuu akakohoa, akatazama dirishani. "Nilikosea. Samahani."

Walipotoka, mwalimu wa jiografia alimshika mkono kwa tabasamu. "Usijali, shoga. Sote tulijua hunywi."

Mwalimu wa hesabu alimkazia jicho lake moja. "Mlijua?"

"Tulijua kabisa."

"Na mkanyamaza?"

Akauchomoa mkono wake. Miezi baadaye jicho lilipona. Lakini chai, tangu siku ile, hakuinywa tena na wenzake ofisini; aliinywea darasani, peke yake.