Swali Dogo la Mama Pacha

Chuoni wote walimwita Dokta, ingawa udaktari wenyewe hakuwa nao. Jina lilianza kwa wanafunzi, likahamia kwa wahadhiri wenzake, mwishowe likafika hadi ukweni, naye akaliitikia bila kumsahihisha mtu. Pendekezo lake la utafiti wa uzamivu lilikuwa limerudishwa mara mbili. Ndani yake mlikuwa na maji, kilimo, vijana, elimu na tabianchi. Mwenyekiti wa jopo, mama mmoja mkavu asiyecheka ovyo, alimwambia mara ya pili, "Mwanangu, umetuletea dunia nzima. Swali liko wapi?"

Mkewe, Mama Pacha, alifundisha uuguzi wa macho katika chuo hichohicho. Habari za uzamivu hakuwahi kuzigusa. Kwa hiyo jioni moja, aliposema huku akiwamenyea pacha machungwa, "Baba Pacha, na mimi nimeandika pendekezo," Dokta alidhani ni mzaha.

"Pendekezo la nini?"

"La uzamivu. Msimamizi amelipenda. Ila nataka ulisome wewe kwanza. Njia hiyo umeshaipita, unajua miiba ilipo."

Alisema kwa moyo mweupe kabisa, na hapo ndipo palipomchoma mumewe.

Alilisoma Jumamosi, watoto wakiwa kwa bibi yao. Swali lilikuwa moja tu: kwa nini watoto wanaopewa miwani shuleni huacha kuivaa baada ya majuma machache? Mama Pacha alikuwa ameeleza waliomtangulia walichunguza nini: bei, vipimo, umbali wa kliniki. Kisha akaonyesha pengo. Hakuna aliyewauliza watoto wenyewe ni nani aliyekuwa wa kwanza kusema neno kuhusu miwani yao, na neno lenyewe lilikuwa lipi. Angekwenda shule nne, akae na watoto, wazazi na walimu. Kila hatua ilikuwa na sababu, na kila sababu ilirudi kwenye lile swali.

Dokta alitafuta kosa kama mtu anayetafuta chawa kwenye kichwa kilichonyolewa. Alipolikosa, kijicho kikampanda. Moyoni akawasikia kabisa mashemeji zake wakiulizana, "Dokta yupi unayemsema, wa kweli au yule wa mdomo?"

Mkewe aliporudi alivua viatu mlangoni, hata hakukaa. "Ehe, nipe. Usinionee huruma."

"Zuri," alisema Dokta, akikwepa macho yake. "Ila dogo mno. Shule nne? Watakucheka. Weka nchi nzima. Weka na wazee, nao wana macho. Na nadharia, angalau tatu."

"Msimamizi anasema udogo wake ndio nguvu yake."

"Msimamizi amewahi kusimama mbele ya jopo lile? Mimi nimesimama."

Mama Pacha akamwamini. Siku zilizofuata alishinda akiandika, naye Dokta akawapikia watoto, akawaogesha, akafua na sare zao. Majirani walisema mume wa namna ile hapatikani tena. Alizipokea sifa hizo kama mtu aliyezistahili.

Siku ya kuwasilisha, Dokta aliketi nyuma kabisa ya chumba. Mkewe hakufika mbali. Mwenyekiti aliinua mkono.

"Shule za nchi nzima, pamoja na wazee, peke yako? Mshika mbili moja humponyoka. Wewe mwenzetu umeshika ngapi?"

Watu wakacheka. Dokta alihisi utamu ukimshuka kifuani, akaona aibu kwa utamu ule, lakini haukuondoka.

Mama Pacha akaifunga kompyuta.

"Naomba niseme bila hii. Kuna binti mmoja nilimpima mimi mwenyewe. Alikuwa haoni ubaoni. Nikampa miwani, siku ya kwanza akasoma mpaka tangazo la ukuta wa pili. Nilipomrudia, miwani ilikuwa ndani ya soksi. Mjomba wake alimwita 'bibi kizee' mezani, mara moja tu. Ninachotaka kujua ni lile neno la kwanza. Shule nne zinanitosha. Mengine yote niliyaongeza."

Mwenyekiti aliandika kitu, akauliza, "Nani alikutuma uyaongeze?"

"Nilishauriwa. Lakini mkono ulioandika ni wangu."

Nyuma hakutazama. Walimpitisha, kwa sharti la kuyaondoa yale yote.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Karibu na duka la vifaa vya shule, Mama Pacha alisimama.

"Uliyoniambia niongeze ndiyo waliyokuambia wewe upunguze. Ulijua?"

Dokta alitamani kusema alisahau. "Nilijua."

"Sasa kwa nini?"

"Sikutaka unitangulie."

Mama Pacha alitikisa kichwa polepole. "Mama alikuwa akisema kikulacho ki nguoni mwako. Nami siku zote nikidhani anawasema majirani."

Hakupiga kelele, wala hakuhama chumba. Rasimu zake tu ndizo ambazo hakumwonyesha tena.

Miezi ikapita. Dokta aliitupa ile dunia nzima, akaanza upya na mfereji mmoja wa umwagiliaji na swali moja: wakulima wa mwisho wa mfereji huamuaje lini wadai maji na lini wanyamaze? Alipomaliza, alimpelekea mkewe. Mama Pacha akazisukuma karatasi zirudi upande wa pili wa meza.

"Sisomi."

"Unanilipizia?"

"Naogopa nitakulipizia, Baba Pacha. Nikiona kosa, sijui kama nitalisema. Mpe mtu ambaye hujamuumiza."

Alimpelekea mhadhiri kijana wa takwimu, ambaye zamani hata salamu yake Dokta aliiitikia kwa nusu mdomo. Kijana akakata karibu nusu, bila kumwonea haya. Jopo likalipokea pendekezo lake. Wakati huo Mama Pacha alikuwa tayari yuko mashuleni, akikaa kwenye madawati mafupi na watoto.

Siku hizi wote wawili ni wanafunzi, na nyumba inakwenda. Wanagawana zamu za kupika, wanataniana mbele ya watoto. Lakini Mama Pacha akicheka kwenye simu na msimamizi wake, Dokta huzima bomba la maji jikoni, apate kusikia wanacheka nini.